Nyungunyungu wa Buhene

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji.
Sisi wa Buhene udongo ulitujia ungali moto.
Nani angeuwahi?
Ulipita juu ya kanisa la mabati,
juu ya maharagwe ya Kahambu yaliyobakiza siku tisa kuvunwa,
ukapoa, ukawa mweusi, ukaota meno,
ukala soli zetu mwaka mzima.

Mimi ni mtu wa chukudu.
Mkaratusi mtupu, gurudumu mbili,
breki ni kipande cha tairi na kisigino changu.
Wenzangu hushusha makala, mbao, viazi vya Kibumba.
Mimi napandisha maganda:
ya ndizi, ya mihogo, kabichi iliyochoka kungoja mnunuzi,
matumbo ya samaki, ufagio wa mwisho wa soko la Virunga.
Vijana huniita Bwana Harusi,
maana nzi hunisindikiza kwa vigelegele.

Kahambu aliponikodi hakuwa na pesa.
"Nitakulipa kwa kitakachoota," alisema.
Nikatazama lile jiwe.
Nikacheka mpaka chukudu ikaanguka.

Walikuwa wanawake kumi na mmoja na kijana kiziwi, Mumbere,
aliyegonga mwamba kwa nyundo bila kusikia kelele yake.
Walichimba vishimo vya ukubwa wa sufuria ya harusi,
wakatia maganda yangu, majivu, mavi ya sungura,
wakafunika kwa majani ya migomba,
wakanyunyiza maji waliyoyabeba kutoka ziwani kwa mgongo.
Kisha wakangoja. Kungoja nako ni kulima.

Kabla hawajavuna lilikuja lori na mbegu za rangi ya waridi,
mahindi yaliyovikwa dawa,
na onyo kwa lugha ambayo Kasoki hakuisoma.
Usiku ule mwanawe alikuwa na njaa.
Aliyaosha mara tatu, akayachemsha.

Mtoto alipona.
Kasoki hakupona.

Ndiyo maana leo, pale shambani,
mbegu isiyojulikana mama yake haipandwi.
Kuna kikombe cha bati, mkono umekatika.
Unakopa kimoja, unarudisha viwili:
kimoja cha ghala,
kimoja cha jirani usiyesalimiana naye.
(Kahambu na Kavugho walianza kusalimiana hivyo,
kwa njegere, bila kutazamana.)

Barabara ilipofungwa,
mfuko wa mbolea ya dukani ulipanda bei mpaka ukatoweka.
Maganda hayakupanda.
Kwenye kizuizi askari alinifungulisha gunia,
akainama, akanusa,
akanipitisha bila kuniomba hata sigara.
Siku ile nililipenda jina langu la harusi.

Jumanne moja ya mvua, Mumbere alitupa nyundo.
Alipiga makofi, akapiga miguu, akatuvuta mikono.
Tulikimbia tukidhani ni bomu.
Alifukua kwa vidole viwili, taratibu,
kama mtu anayemfunua mtoto shuka aone kama amelala.

Nyungunyungu.
Mmoja. Mwekundu, mwembamba,
akijikunja kwa aibu mbele ya watu kumi na watatu.
Juu ya jiwe lililotoka tumboni mwa mlima!
Kavugho akavua kitambaa, akamkinga jua.
Wengine wakabishana ametoka wapi.
Kwa mvua, alisema mmoja. Kwa Mungu, alisema mwingine.
Kasoki hakusema. Alinitazama mimi,
kisha akaitazama chukudu yangu, na maji meusi
yaliyokuwa bado yakidondoka kwenye gunia.

Basi nami ni baba wa kitu.

Jioni nililipwa lengalenga, mafungu mawili.
Mke wangu aliyakaanga na kitunguu.
Binti yetu alikula, akalamba sahani, akaniuliza
kwa nini mikono yangu inanuka hivyo.
Nikamwambia anuse tena,
vizuri,
asiharakishe.